Mkono wa fundi na metali iliyo kwenye damu

Mjomba wangu anachomelea mageti Katwe, mtaa wa mafundi hapa Kampala, tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Mwaka jana mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka. Akiwa kazini unatulia. Unatetemeka pale usipokuwa na shughuli, umelala juu ya goti akisubiri chai iletwe. Kidole gumba na cha shahada vinasuguana kama vya mtu anayehesabu noti.

Badala ya kwenda hospitali, alipanda ngazi za jengo moja la maduka katikati ya Kampala, kwa kijana mwenye kompyuta na kijiti cha chuma kilichofungwa waya. Unashika kijiti, dakika moja inapita, printa inatema kurasa nne. Mjomba alisomewa kwamba ubongo wake una metali za sumu, risasi nyingi, zebaki nyingi na kadimiamu nyingi, na kwamba upo unga wa kuziondoa, shilingi laki moja na nusu. Akaja kwangu, akaweka zile karatasi mezani. "Mjomba," akaniambia (tunaitana hivyo hivyo, yeye na mimi), "wewe ulisoma kemia. Haya ni kweli?"

Tulirudi pamoja. Nikalipa, nikashika kijiti mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa nimetoka juani, kiganja kimelowa jasho. Mara ya pili nilikifuta kwa leso mpaka kikakauka. Risasi ya ubongoni mwangu ilishuka kwa nusu ndani ya dakika tano. Leso ile nilinunua soko la Owino kwa shilingi elfu moja.

Kijiti kile, kikipima kitu chochote, kinapima namna ngozi inavyopitisha umeme. Metali iliyo mwilini haipimwi hivyo. Lazima utoe kitu: damu, mkojo, ukucha, unywele, jino, au basi mfupa upigwe miale na kusomwa. Lakini swali lililompandisha mjomba zile ngazi si la kipuuzi hata kidogo. Metali ya kazini inaweza kufika ubongoni na kuutikisa mkono? Inaweza. Ugumu ni kujua kama kwako wewe ndivyo ilivyokuwa, na watu wengi, wauza unga na hata baadhi ya waandishi wa habari za afya, huruka palepale.

Mwaka 1817 daktari wa London, James Parkinson, aliandika kitabu kidogo kuhusu wagonjwa wanaotetemeka, na ugonjwa ukachukua jina lake. Miaka 20 baadaye, mwaka 1837, daktari mwingine, James Couper wa Glasgow, alieleza habari za wafanyakazi wa kiwandani waliokuwa wakisaga mawe ya manganizi, nayo ni metali. Miguu ilikuwa imelegea, walikwenda wameinama mbele, sauti zimefifia, mate yanawatoka. Kwa mbali ungesema ni ugonjwa uleule. Siyo. Katika ugonjwa wa Parkinson zinazokufa zaidi ni seli za sehemu ndogo nyeusi ndani ya shina la ubongo, zile zinazotengeneza dopamini, kemikali ambayo ubongo huitumia kuongoza mwendo. Manganizi hujilimbikiza hasa kwenye kiini kingine, hatua moja mbele kwenye njia hiyohiyo ya kuongoza mwendo. Ndiyo maana mgonjwa wa manganizi mara nyingi hatetemeki akiwa ametulia, huanguka kinyumenyume kwa urahisi, na wengine hutembea kwa ncha za vidole, kiwiko kimekunjwa, kama jogoo anayekagua uwanja. Dawa ya levodopa, inayowasaidia wengi wenye Parkinson, kwao husaidia kidogo au haisaidii kabisa.

Manganizi imo kwenye vijiti vya kuchomelea na kwenye chuma cha pua chenyewe. Ukiwasha cheche, hugeuka moshi wa chembe ndogo mno, unaoshuka hadi ndani kabisa ya mapafu. Pita Katwe saa tano asubuhi uone vijana wanavyofanya kazi: miwani ya jua usoni, pua wazi, kibanda kimezibwa mabati pande tatu.

Sasa kuhusu ubongo wenyewe. Mishipa ya damu inayoulisha imezibwa vizuri kuliko ya sehemu nyingine za mwili, na kila kinachoingia hupitia milango maalumu. Lakini ubongo unahitaji metali: chuma, shaba, zinki, hata hiyo manganizi, kwa vipimo vidogo. Bila chuma hautengenezi dopamini. Kwa hiyo milango ya metali lazima iwepo, na mabawabu wake si wakali. Manganizi hupita kwenye mlango uleule wa chuma. Risasi hupita huko pia, na hujifanya kalsiamu, ikakaa kwenye nafasi za kalsiamu mahali seli za ubongo zinapopeana habari. Mtoto anayejifunza kusoma anategemea sana sehemu hizo.

Hapo kuna jambo ambalo kwetu Uganda lina uzito kuliko huko kwenye vitabu. Mwili ukipungukiwa chuma, utumbo huongeza milango ya kukifyonza. Milango ikiongezeka, risasi na manganizi nazo zinaingia kwa wingi zaidi. Mtoto mwenye upungufu wa damu na mtoto anayekula maharage, dodo (mchicha) na mukene (dagaa) kila wiki wanaweza kucheza kwenye vumbi lilelile, wakaondoka na mizigo tofauti.

Ni kiasi gani tunachozungumzia? Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, linataka chanzo cha risasi kitafutwe na kuondolewa mtu akifikisha mikrogramu 5 katika desilita moja ya damu (sehemu ya kumi ya lita), na linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Chukua mtoto wa kilo 15. Damu yake yote ni lita moja na kidogo. Kwa kiwango hicho, risasi yote iliyo kwenye damu yake ni mikrogramu 60 hivi. Mwaga chumvi ya mezani kwenye karatasi nyeusi, tenga punje moja kwa ncha ya sindano. Hiyo punje moja ndiyo uzito tunaoutafuta, imeyeyushwa ndani ya mtoto mzima. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kuhusu watoto 163 wa Kampala, wengine wakiishi karibu na jalala la Kiteezi, ulikuta takriban mmoja kati ya watano ana mikrogramu 10 au zaidi kwa desilita. Ni punje mbili.

Kuiona punje hiyo kulianza na moto. Mchuzi wenye chumvi ukifurika juu ya sigiri, makaa hutoa mwali wa manjano. Hiyo ni sodiamu inajitangaza. Kila metali ikipata joto la kutosha hutoa rangi zake yenyewe, na mwaka 1860 Wajerumani wawili, Bunsen na Kirchhoff, walitumia rangi hizo kugundua elementi mpya, sesiamu, ndani ya maji ya chemchemi. Mwaka 1955 Alan Walsh wa Australia aligeuza mambo: badala ya kutazama mwanga unaotoka, alipitisha mwanga wa taa ya metali husika kwenye mvuke wa sampuli, akapima mwanga uliomezwa. Kadiri unavyomezwa, ndivyo metali ilivyo nyingi. Mashine za namna hiyo zipo Makerere, na wanafunzi wengi wa kemia wamezikodolea macho mpaka jioni, mimi nikiwa mmoja wao.

Ile ninayoipenda zaidi lakini ni ya umeme, na asili yake ni kazi ya Jaroslav Heyrovský wa Prague, aliyeanza mwaka 1922 na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1959. Fikiria taxi ya kutoka Old Taxi Park kwenda Mukono. Kwanza konda anakusanya abiria: unaweka umeme hasi kwenye kipande kidogo cha kupimia, na atomi za risasi, kadimiamu na shaba zilizo kwenye tone la damu zinavutwa, zinapanda, zinakaa. Kisha gari linaondoka: unaupandisha umeme taratibu. Kila metali inashuka kwenye steji yake. Mmoja Nakawa, mwingine Banda, mwingine Kireka. Kila inaposhuka inaacha mshtuko mdogo wa mkondo, na kwa kuhesabu mshtuko wa steji ya risasi unajua abiria wangapi walikuwa risasi. Kipimo cha namna hii kinaingia mkononi, kinahitaji tone la damu ya kidoleni, na kinajibu kwa dakika tatu. Hicho ndicho kinachoweza kufika kliniki ya kijijini.

Kuna mashine kubwa zaidi. Inapuliza sampuli ndani ya gesi ya arigoni iliyopashwa mpaka ikapita joto la uso wa jua, atomi zinapoteza elektroni, halafu zinapangwa kwa uzito. Inaona sehemu moja katika trilioni, na inatofautisha hata ndugu wa metali moja. Risasi ya asili ina ndugu wanne, wenye uzito 204, 206, 207 na 208, na uwiano wao hutofautiana mgodi hadi mgodi. Kwa hiyo mashine haikwambii tu kuwa mtoto ana risasi. Ikilinganisha na rangi ya ukuta, vumbi la uwanja na sufuria ya jikoni, inaweza kukuonyesha ilikotoka. Sufuria sijaitaja kwa bahati mbaya. Za kuyeyusha vyuma chakavu, zilipopimwa Cameroon na watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2014, zilikutwa zikiachia risasi kwenye chakula. Zetu nazo zinayeyushwa kutoka vyuma chakavu.

Ubora wa mashine unaleta tatizo lake. Inayoona kila kitu inaona na uchafu wako. Mmarekani Clair Patterson alijifunza hilo kwa taabu. Alikuwa anapima risasi ndani ya vimondo ili apate umri wa dunia, na kila alipopima alipata jibu tofauti, kwa sababu risasi ilikuwa hewani, kwenye maji, kwenye vyombo, kwenye nywele zake. Ikabidi ajenge chumba kisafi, aoshe kila chombo kwa asidi mara kadhaa. Mwaka 1956 akatoa umri wa dunia, miaka bilioni 4.55, ambao hadi leo haujasogezwa sana. Kisha akageuka na kuuliza: hii risasi iliyonisumbua imetoka wapi? Nyingi ilitoka kwenye petroli. Alipigana nayo miaka mingi. Kusini mwa Sahara tuliacha kuuza petroli yenye risasi mwanzoni mwa 2006, na nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliacha mwaka 2021.

Kwa hiyo mtaalamu wa maabara anapokuosha kidole kwa sabuni na maji, kisha akakifuta tena kwa spiriti kabla ya kukuchoma, usimwone anapoteza muda. Vumbi kidogo la Katwe kwenye ncha ya kidole linatosha kukupa sumu usiyokuwa nayo. Na jibu la juu kutoka kidoleni huthibitishwa kwa damu ya mshipani, iliyochukuliwa kwenye chupa maalumu. Ukipewa jibu la kutisha bila kurudiwa, dai lirudiwe.

Tuseme basi kila kitu kimekwenda sawa: kidole safi, chupa safi, mashine nzuri. Namba imetoka. Inasema nini?

Inasema habari za juzi. Risasi kwenye damu hupungua kwa nusu kwa takriban mwezi mmoja. Nyingine inahamia kwenye mifupa na kukaa huko miaka 10, 20, 30, ikirudi kwenye damu kidogo kidogo, na zaidi wakati wa ujauzito, mwili wa mama unapochota kalsiamu ya mifupa kumjenga mtoto. Sisi tuliokulia kando ya barabara ya Jinja kabla ya 2006 yaelekea bado tunayo petroli ya zamani kwenye magoti. Manganizi ni mbaya zaidi kwa mpelelezi: inaondoka kwenye damu haraka, wakati ubongo unaishikilia zaidi. Fundi aliyevuta moshi miaka 20 na kustaafu mwaka jana anaweza kuwa na damu safi kama ya mwalimu wa chekechea.

Watafiti wakatafuta vitu vinavyotunza kumbukumbu. Ukucha wa mguu hushika habari za miezi iliyopita. Jino la utoto hushika zaidi: hujengwa tabaka juu ya tabaka kama mti, kukiwa na mstari unaoonyesha siku mtoto alipozaliwa. Ukilichoma kwa leza nukta kwa nukta na kupeleka mvuke kwenye ile mashine kubwa, unasoma kilichoingia mtoto akiwa tumboni na kilichoingia alipoanza kutambaa. Sisi meno hayo tulimwachia panya atuletee mapya.

Hata ukijua kiasi, mahali na wakati, bado hujajua kisababishi. Hapo ndipo sayansi imeumia yenyewe. Kwenye ubongo wa wagonjwa wa Parkinson, ile sehemu nyeusi ina chuma kingi kuliko kawaida. Limepimwa hilo mara nyingi, halina ubishi. Ikaonekana dhahiri: toa chuma, mgonjwa apone, au angalau asizidi. Ilipatikana dawa inayonasa chuma na kuingia ubongoni, deferiproni. Wagonjwa 372 waliogundulika karibuni, ambao hawajaanza levodopa, wakagawanywa, wengine wakapewa dawa, wengine kidonge kitupu, wiki 36. Matokeo yalichapishwa mwishoni mwa 2022. Kwenye picha za ubongo, chuma kilipungua kweli. Wagonjwa wakawa na hali mbaya kuliko wale wa kidonge kitupu. Maelezo yanayoingia akilini ni yale niliyoyataja juu: bila chuma hakuna dopamini, na hao walikuwa nayo kidogo tayari. Naomba mwenye kuuza unga wa laki moja na nusu aisome habari hiyo mara mbili.

Upande wa pili upo ugonjwa wa Wilson, ulioelezwa mwaka 1912. Kijana anatetemeka, ulimi unakuwa mzito, ini linaharibika, na ukimulika jicho unaona pete ya rangi ya kahawia kuzunguka mboni. Hapo metali ndiyo mkosaji bila shaka: shaba imejaa kwenye ini na ubongo, ukiitoa kwa dawa mapema, kijana anarudi shuleni. Lakini shaba hiyo ni ya chakula cha kawaida. Kosa ni jeni ya kuiondoa, aliyoirithi mbovu kwa baba na kwa mama. Kilembe, kule Kasese, walichimba shaba kuanzia 1956 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mto Nyamwamba ukifurika hubomoa mabaki ya mgodi na kuyashusha mashambani. Ni tatizo la kweli na linahitaji kupimwa. Ila maji ya Nyamwamba hayampi mtu Wilson, na binti wa Mbarara asiyewahi kuuona mgodi anaweza kuwa nao.

Mara nyingine watu hushuku metali na wako sahihi, lakini hawasikilizwi. Minamata, Japani, ugonjwa uliripotiwa rasmi Mei 1956. Paka walikuwa wakirukaruka na kujitupa baharini kabla ya watu kuanza kupooza. Mwaka 1959 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kumamoto walikwisha elekeza kidole kwenye zebaki ya kiwandani. Serikali ilikiri mwaka 1968. Jina la mji huo liko leo kwenye mkataba wa dunia kuhusu zebaki, ule unaogusa pia wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Busia na Namayingo, wanaochoma zebaki kwenye kikaango ili ibaki dhahabu.

Na mara nyingine hushuku metali, ikawa ni kitu kingine. Watoto wa Kitgum, Pader na Lamwo, kaskazini mwa Uganda, walipoanza kuanguka kwa ugonjwa wa kusinzia kichwa, familia nyingi zilikuwa kwenye kambi za waliokimbia vita, na ilikuwa haki kabisa kuuliza kuhusu mabaki ya silaha ardhini. Watafiti waliuliza. Ushahidi ulioendelea kuongezeka ulielekea kwingine: kwa minyoo ya onkosaka, inayoenezwa na inzi weusi wa mito yenye maji ya kasi. Dawa za minyoo zilipotolewa kwa nguvu na mito ikapuliziwa, visa vipya vilipungua mno. Kama wangeng'ang'ania metali kwa sababu tu inaogopesha, inzi wangeendelea na kazi yao.

Mjomba alikubali kwenda kwa daktari wa mishipa ya fahamu baada ya kumsumbua miezi miwili. Daktari hakumtoa damu ya kupima metali. Alimwambia atembee ukumbini, ageuke, arudi. Akamsukuma kidogo mabegani kwa nyuma aone kama ataanguka. Akampa kalamu aandike sentensi moja mara tano, na herufi zikawa zinasinyaa kila mstari. Mtetemeko upande mmoja, wa mkono uliotulia, bila mwendo wa jogoo. Akaanza na levodopa. Baada ya wiki kadhaa mkono ulipoa na hatua zikarefuka, jibu linaloegemea Parkinson zaidi ya manganizi. Moshi haukusamehewa kwa hilo. Daktari alimtaka achomelee nje, upepo ukiwa mgongoni, na avae barakoa ya mafundi, kwa ajili yake na ya vijana anaowafundisha.

Siku hizi kibanda kimebaki na mabati upande mmoja tu. Zile kurasa nne bado anazo, amezihifadhi kwenye droo ya vijiti vya kuchomelea. Akija mteja kuuliza habari za afya yake huzitoa na kulalamika kwamba hospitali, pamoja na kusoma kwao kote, hawakumpa hata karatasi moja yenye namba.